Kuku wako anateseka na haponi tena, hivi ndivyo unavyompumzisha bila kumuongezea maumivu

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Morogoro mwaka wa 11 sasa, siyo mradi mkubwa, huwa wanacheza kwenye 20 hivi, na kati yao kuna wale ambao siyo wa kuuza wala siyo wa kitoweo, wana majina, wanaijua sauti yako, ukitoka na bakuli wanakukimbilia kabla hujawaita. Mmoja alikuwa kishingo, tetea mwekundu, tulimuita Shangazi maana alikuwa anagombeza kila mtu kuanzia jogoo mpaka paka. Alipofika miaka minne tumbo likaanza kujaa, akawa anatembea amesimama wima kama bata, ukimshika kwa chini unasikia maji yanacheza. Nikampa otisii, ile antibayotiki ya kuku, siku tano, nikampa vitamini, nikampa shubiri na kitunguu saumu maana kila mtu mtaani alikuwa anashauri hivyo, kila siku najiambia kesho ataamka afadhali. Siku ya tisa alfajiri nafungua boksi nakuta sisimizi wameshamzunguka jicho na yeye bado anapumua.

Ndo maana naandika haya. Ugonjwa haukuwa kosa langu lakini zile siku nne tano za mwisho zilikuwa zangu, mimi ndo nilimuongezea kwa sababu niliogopa. Na kuogopa kwenyewe kulitokana na kutojua, sikujua mkono unashika wapi, sikujua utajuaje kwamba amekufa kweli, basi nikawa nasogeza siku mbele.

Kwanza kabisa jiridhishe kwamba haponi. Kuna matatizo yanatisha ukiyaangalia ila siyo sababu ya kumuua kuku wako. Ndui kwa mfano, kuku anajaa vipele kichwani mpaka jicho linaziba, unasema huyu kaisha, lakini ndui ya nje ya ngozi wengi wanapona ndani ya wiki mbili mpaka nne ukimsafisha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na ukamlisha kwa mkono. Yai likikwama naye anajikunyata, anashusha mabawa, anajikamua kama anataka kujisaidia hakitoki kitu, huyo mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 15 mpaka 20, mpake mafuta ya kula kwenye njia ya yai, muweke kwenye giza na utulivu, wengi wanataga. Gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, likijaa likawa gumu linasaidika. Kuvunjika kidole cha mguu siyo kifo. Kuhara damu kwa vifaranga kuna dawa na inafanya kazi ukiwahi.

Lakini kuna hali nyingine ukweli ni kwamba unachosubiri ni kifo tu. Mdondo, au kideri kama wengine wanavyoita, hauna dawa, ukiona kuku anahara kijani, anahema mdomo wazi, shingo imejipinda na hawezi kusimama wala kunywa, hizo otisii unazompa hazigusi kirusi. Wapo wachache wanaopita wakabaki na shingo iliyopinda na wakaishi vizuri tu wakilishwa, kwa hiyo usimuhukumu kwa shingo peke yake, angalia kama anakula. Mahepe, ugonjwa wa Marek, ikishampooza miguu, mmoja umeenda mbele mwingine nyuma, huyo harudi. Tumbo la maji kama la Shangazi. Kuku aliyeraruliwa na mbwa au kicheche matumbo yakatoka. Kidonda kilichoingia funza ndani kabisa. Bawa au paja lililovunjika mfupa ukachomoza nje.

Kuku anaficha maumivu, hilo lijue, ni mnyama anayeliwa na kila kitu kwa hiyo akionyesha udhaifu hata wenzake wanamdonoa. Ukiona ameacha kujificha ujue ameshaumwa muda mrefu. Mimi sasa hivi naangalia vitu vitatu: je anakula na kunywa mwenyewe, je anaweza kusimama na kusogea, na je bado ana hamu na kitu chochote, nikirusha kumbikumbi mbele yake anageuza hata kichwa? Kisha napapasa kidari, ule mfupa wa katikati ukiwa umetoka kama ukingo wa kisu na nyama za pembeni zimebonyea, huyo ameshajila mwenyewe. Vyote vitatu vikiwa hapana, na siku mbili za matunzo mazuri hazijabadilisha kitu, usisubiri ya tatu. Na yule aliyeraruliwa matumbo nje usisubiri hata saa moja.

Kama una daktari wa mifugo karibu mpigie. Kwenye miji mikubwa wapo wanaochoma sindano ya kumlaza moja kwa moja na ni njia tulivu sana, ila bei yake kwa kuku wengi hawaiwezi na vijijini hakuna. Afisa mifugo wa kata naye anaweza kuja kukufanyia au kusimama pembeni ukifanya, usione aibu kumuomba. Kitu kimoja tu, kuku aliyechomwa ile sindano hata mbwa asimguse, dawa inabaki kwenye nyama na inaua. Na kama wamekufa wengi kwa mpigo, leo watano kesho kumi, hapo usimshike yeyote wala usimchinje, mpigie afisa mifugo kwanza, hiyo siyo ishu ya kuku mmoja tena.

Haya, umeamua na ni wewe utakayefanya. Njia ninayoiamini kwa kuku wa kawaida ni kumtegua shingo kwa mkono. Watu wanaita kunyonga lakini siyo kunyonga, kunyonga ni kumbana pumzi na hiyo ni mateso, hapa unaachanisha fuvu na shingo kwa tendo moja, uti wa mgongo unakatika pale pale na mishipa mikubwa ya damu pia. Inafaa kwa kuku mpaka kilo tatu hivi. Zaidi ya hapo, mfano jogoo wa kuchi, mkono wa mtu wa kawaida hautoshi na ukijaribu ukashindwa katikati umemuumiza bure.

Kabla ya siku hiyo jizoeze. Mzee jirani yangu aliyenifundisha, amefuga kuku tangu mimi sijazaliwa, alipokuja asubuhi ile akamuangalia Shangazi akasema, mwanangu, huyu alikuwa wa kupumzishwa wiki iliyopita. Nikamwambia shikamoo mzee, sikuweza, nisaidie wewe. Akasema nitasimama hapa lakini mikono itakuwa yako maana kesho sitakuwepo. Akanituma nikanunue jogoo wa supu kwa jirani, akamchinja, na akiwa ameshakufa kabisa akaniwekea mkononi akaniambia tafuta pale fuvu linapoishia. Nikavuta mara mbili tatu mpaka nikasikia ile pengo kwenye vidole. Hiyo dakika kumi ilinipa ujasiri kuliko maelezo yote niliyosoma kwenye intaneti, na nakushauri na wewe fanya hivyo, hata kwa kuku wa kitoweo cha Jumapili akishachinjwa.

Chagua jioni giza likianza kuingia. Kuku haoni vizuri gizani na anatulia mwenyewe, ukimtoa kwenye boksi saa hiyo hahangaiki. Mfunike kanga nyepesi, mbebe kama unavyombebaga siku zote, ongea naye kama mmezoea kuongea, nenda sehemu wenzake hawaoni wala hawasikii. Watoto wadogo wasiwepo, simu izimwe. Weka kisu kikali pembeni hata kama huna mpango wa kukitumia. Vaa glovu au mfuko safi mkononi. Kisha usikae pale dakika ishirini unalia umemkumbatia, lia kabla au lia baada, yeye anasikia mikono yako ikitetemeka na moyo wake unakwenda mbio.

Sasa mkono. Kama unatumia kulia: mkono wa kushoto shika miguu yote miwili pamoja na ncha za mabawa ukiweza, mshushe taratibu kichwa chini mpaka mwili wake uegemee paja lako, kifua kikielekea kwako. Mkono wa kulia, pitisha shingo katikati ya kidole cha shahada na cha kati, nyuma kabisa ya fuvu, juu kadiri unavyoweza, maana watu wengi wanakosea kwa kushika katikati ya shingo, hapo utavunja mfupa lakini siyo mahali pake. Kidole gumba kiwe chini ya kidevu. Yeye amekaa hivyo, kanga inafunika macho. Vuta pumzi. Halafu kwa tendo moja la haraka na la nguvu sukuma mkono wa kulia chini moja kwa moja na wakati huo huo kunja kiganja ili kichwa kiinamie nyuma kuelekea mgongoni. Chini na nyuma kwa pamoja, siyo kuzungusha. Hakuna kuvuta kidogo kidogo kuona kama inakubali, nusu nguvu ndo ukatili wenyewe. Utasikia kitu kimeachia, kama kamba iliyokuwa imekazwa ikalegea ghafla. Hapo acha kuvuta. Ukitia nguvu kupita kiasi kichwa kinaweza kutoka, inashtua sana lakini kwake hakuna alichohisi zaidi, kwa hiyo kama huna uhakika na nguvu zako ni heri izidi kuliko ipungue.

Kwa Shangazi ilikuwa rahisi kidogo kwa sababu ni kishingo, ile shingo yake haina manyoya, ngozi ya moto na nyekundu, nilikuwa naona kila kitu. Kuku wa manyoya mengi papasa kwanza kwa utulivu ujue fuvu linaishia wapi.

Mara baada ya pale mabawa yatapiga. Hili lazima ulijue kabla maana ndipo watu wanapomuachia kuku au wanaanza kupiga kelele wakidhani yuko hai. Mabawa yatapiga kwa nguvu kweli, miguu itakaza, inaweza kwenda dakika moja, mbili, hata tatu, hiyo ni misuli imekosa amri kutoka kwenye ubongo, siyo yeye. Wewe endelea kumshika miguu imara mpaka atulie.

Kisha hakikisha, na hii hatua usiiruke hata kidogo. Papasa shingo pale juu, lazima kuwe na nafasi ya vidole viwili ambayo ndani yake hakuna mfupa, ni ngozi tu. Fungua kope gusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole, asipepese. Angalia sehemu ya haja, kuku anayepumua pale panacheza kwa mpangilio, kama panatulia kabisa hapumui. Taya liwe limelegea. Weka kiganja kifuani, moyo unaweza kudunda dudu dudu dakika kadhaa baada ya yote hayo kwa hiyo usishtuke, ila subiri mpaka usimame. Kama jicho limepepesa au anavuta pumzi, rudia pale pale bila kujishauri, au tumia kile kisu.

Njia ya pili ni kisu, na kwetu wengi ndo tunayoijua. Ni njia nzuri kama kisu ni kikali kweli. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi kuku anachinjwa na kile kisu cha kukatia nyanya, tena anapewa mtoto au dada wa kazi aende nyuma ya nyumba ajitahidi, anakereza kama anakata kuni. Tuliosoma madrasa tumefundishwa tangu wadogo kisu kinolewe na mnyama asikione kikinolewa, na hata asiyekuwa Muislamu hiyo ni kanuni ya kushika. Noa jana yake. Wembe wa kisu uwe mrefu angalau mara mbili ya upana wa shingo, kinyoe nywele za mkononi. Mfunge mabawa kwa kanga, au chukua dumu la lita tano, kata kitako chote, panua mdomo kidogo, lipigilie msumari kwenye nguzo, kuku anaingia kichwa chini na mabawa yanabanwa vizuri hapigi wala haumii. Kata chini ya taya kwa mkupuo mmoja uliopeleka pande zote mbili za shingo, mishipa ya kushoto na ya kulia yote ifunguke, ukikata upande mmoja damu inatoka polepole na anachelewa kuzimia. Hata ukikata vizuri fahamu haiondoki pale pale, inachukua sekunde kadhaa, huenda zikafika ishirini na zaidi, kwa hiyo kishikilie kichwa na usimuachie akimbie na kurukaruka uani kama mchezo.

Kwa jogoo mkubwa aliyezidi kilo tatu mimi natumia kisu na dumu. Wapo wanaomlaza kuku ardhini na kuweka mpini wa fagio juu ya shingo, wanakanyaga pande mbili na kuvuta miguu juu, inafanya kazi kwa aliyezoea ila mgeni anaishia kuponda badala ya kutegua, kama hujaonyeshwa ana kwa ana iache. Kifaranga mwendo ni ule ule wa kutegua ila kwa ncha za vidole.

Na kuna mambo sitaki hata kusikia mtu ameyafanya. Kumzamisha kwenye ndoo, kuku anapigania pumzi mpaka mwisho. Kumfunga kwenye mfuko wa plastiki akose hewa. Kumtupa jalalani akiwa hai kwa sababu eti atakufa mwenyewe. Kumzungusha hewani kwa kichwa. Sumu ya panya, ile inaua kwa kutoa damu ndani kwa ndani siku nyingi na paka atakayemla naye anaondoka. Kumuweka kwenye friza. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008 na kumtesa mnyama bila sababu ni kosa, lakini hata ingekuwa haipo, huyu ni kuku aliyekuwa anakula kwenye kiganja chako.

Nyama je? Najua watu wengi wanamuwahi kuku mgonjwa kwa kisu kabla hajawa kibudu ili isiende hasara, na sitawalaumu maana nyama ni pesa. Ila aliyekuwa kwenye antibayotiki bado ana dawa mwilini, soma pakiti imeandika usubiri siku ngapi kabla ya kula. Aliyekuwa na uvimbe, usaha au maji tumboni usimle. Wa mdondo, shida kubwa iko kwenye manyoya, utumbo na maji ya kunyonyolea unayomwaga nje, vile ndo vinabeba ugonjwa mpaka kwa kuku wa majirani na wiki ijayo mtaa mzima unalia. Na aliyeteguliwa shingo kwa Muislamu siyo halali, kwa hiyo kama una nia ya kula amua mapema ni kisu.

Boksi alilolalia na pumba zake choma vyote. Bakuli na sakafu ya banda sugua kwanza na maji ya sabuni kinyesi kitoke ndo upake jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, ukimwaga jiki juu ya uchafu haifanyi kitu. Acha jua lipige. Waliobaki waangalie kila asubuhi wiki mbili, nani hajashuka kwenye kitulio, nani kinyesi chake kimebadilika rangi, na usilete kuku mgeni mwezi mzima. Walio wazima wapewe chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, ni pesa ndogo sana ukilinganisha na jioni kama hii niliyokuelezea.

Watoto waambie ukweli. Wangu mkubwa alikuwa na miaka saba, nikamwambia Shangazi alikuwa anaumwa sana, hakuna dawa, nimemsaidia akapumzika. Akauliza aliumia? Nikamwambia kidogo sana, haraka sana. Akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kumuona. Nilikuwa nimeshamfunga kwenye kipande cha kanga kichwa kimekaa vizuri, nikamuacha amuone. Ukimwambia mtoto amepelekwa shamba atakuuliza kila mwezi lini tunaenda kumsalimia.

Kuzika nimekuacha mwisho kwa sababu hapo ndo wengi tunafanya kwa uvivu tukiwa tumechoka. Shimo liwe la nusu mita kwenda chini, ukiweza mita nzima, mbali na kisima na mbali na sehemu kuku wengine wanapochakura. Mwaga chokaa au jivu juu yake, shindilia udongo, halafu weka kitu kizito. Kama uani kwako ni zege tupu omba sehemu kwa jirani mwenye shamba au mchome mpaka awe jivu, usimuweke kwenye kiroba cha taka. Shangazi tulimuweka chini ya mpapai, mtoto akatupia punje za mahindi ndani, na juu nikaviringisha lile jiwe la kusagia la bibi lililopasuka. Usiku mbwa walikuja wakaparua pembeni kidogo, wakashindwa, wakaondoka.